"Jamaa" wa chat room aliyemtafuta mtoto wetu hapa Muscat

Wakuu, heshima zenu, wa bara na wa visiwani, na nyinyi mliotawanyika huko duniani.

Mimi humu huwa nasoma na kupita. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni. Limetokea nyumbani kwetu na sijatia chumvi. Majina nimebadilisha kwa ajili ya mtoto. Atakayeona ni hadithi ya kutunga aone hivyo, sitabishana naye.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni Mwomani, wazee wangu walitoka Unguja, nyumbani tunachanganya Kiswahili na Kiarabu mpaka wenyewe hatujui tumeanzia wapi. Kazi yangu iko Wattaya, nakagua magari yaliyotumika kabla showroom haijayanunua. Kila muuzaji ananiambia gari lake halijagongwa, lilikuwa la mama mtu mzima akiendea sokoni tu. Nikifungua boneti naona rangi mbili, ya kiwandani na ya fundi.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa shaka, nakiri. Mke wangu anasema hata chai nikipewa naichungulia kwanza.

Sasa twende kwenye kisa.

Kaka yangu, nimwite Nassor, anaishi Hail, hapa hapa Muscat, na familia yake, na mama yetu anakaa kwake. Nassor ana binti, nimwite Salma. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mbili. Baba yake akamnunulia kompyuta kwa ajili ya masomo, akaiweka chumbani kwake, akaunganisha intaneti, akaona amefanya la maana. Hata mimi nilimpongeza.

Salma akajifunza messenger, kisha akaingia kwenye chat room moja ya Waswahili. Humo kulikuwa na watu wa Dar, Mombasa, Dubai, London, kila mtu na nickname yake. Bibi yake, yaani mama yetu, alifurahi sana. Alikuwa na hofu kwamba wajukuu wanapoteza Kiswahili, sasa huyu anakiandika kila siku bila kulazimishwa!

Hapa nisimame kidogo kwa wasiotujua sisi. Watu wetu wakikutana, hata kabla hujakaa, unaulizwa: wewe mtoto wa nani? Na ukiulizwa unajibu. Unamtaja baba, babu, mama katoka nyumba ipi, nani kaoa wapi. Ukikataa unaonekana huna adabu, au una jambo unaloficha. Tumewafundisha watoto wetu hivyo tangu wanaanza kusema.

Salma akaulizwa humo chat room: wewe mtoto wa nani? Akajibu kama alivyofundishwa. Wote akawataja.

Baada ya siku chache yule aliyeuliza akarudi na habari njema. Kumbe ni jamaa! Anaitwa Badru, yuko Dubai, na baba yake ni kaka wa Bibi, yule aliyebaki Unguja wakati wenzake wanaondoka. Kwa hiyo kwa Salma yeye ni ami, sawa na mimi.

Salma akakimbia na habari kwa Bibi.

Wakuu, mama yangu alikuwa na miaka mingi hajasikia lolote la kaka yake. Hakujua kama yu hai au amekufa. Alipoambiwa mtoto wa kaka yake amepatikana, alilia mpaka tukaogopa presha itapanda. Akataka namba ya nyumbani apewe huyo Badru ampigie. Akapewa.

Akapiga. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha taratibu, kila neno shikamoo. Mama akaongea naye asubuhi nzima. Na alipokuwa hajui kitu, mama akamjazia: "Si ndo yule fulani aliyemuoa binti wa fulani?" Naye anajibu, "Ndiyo huyo huyo, shangazi."

Niliposimuliwa mazungumzo hayo niliwakumbuka wauzaji wangu wa magari. Nikamuuliza mama, katika yote hayo, lipi alilianza yeye Badru kabla yako? Mama akafikiri. Hakulipata hata moja.

Lakini hakutaka kusikia. Akaniambia, "Mwanangu, kaka yangu nlimwacha bandarini akinipungia mkono. Leo Mungu kanirejeshea damu yake, we wanletea shaka zako za magari."

Nikamwachia furaha yake.

Ila macho sikuyafumba. Nikaanza kuona mambo. Badru anapiga asubuhi tu, Nassor akiwa kazini. Nassor akimpigia mwenyewe, simu inakatika. Nassor ana vijana wawili wakubwa kuliko Salma, jamaa hajawahi hata kuwauliza. Anamuuliza Salma tu. Salma kala, Salma kalala saa ngapi, Salma jana mbona hakuingia online.

Halafu Salma mwenyewe akabadilika. Ukipita nyuma yake ana-minimize. Akaweka password. Siku moja nikamkuta na namba za kadi ya simu, ile ya kukwangua, na baba yake hakuwa amempa. Nikamuuliza, akasema kapewa na rafiki. Macho yake hayakuniangalia, na yule mtoto alikuwa hajui kusema uongo.

Nikaamua kumpima. Nikamwomba mama, jamaa akipiga nipeni na mimi nimsalimie. Nilichukua likizo ya siku moja kwa ajili hiyo. Alipopiga, nikasalimia kwa furaha zote, kisha nikamuuliza: "Na shangazi Zuwena vipi, ule mguu umepona?"

Wakuu, hatuna shangazi Zuwena. Hajawahi kuzaliwa.

Jamaa akanijibu bila kusita: "Alhamdulillah, sasa anatembea." Kisha akasema mtandao mbaya, akakata.

Nikawageukia watu wa nyumbani nikidhani kazi imekwisha. Haikwisha ng'o! Mama akasema maskini kijana kaona haya kusema hajui. Nassor akasema huenda Unguja kuna Zuwena mwengine, ukoo ni mkubwa huu. Shemeji yangu, mke wa Nassor, akaniambia kwa upole kwamba nina wivu kwa vile kapatikana ami mwengine. Niliondoka nimekasirika kweli, chakula chao sikula.

Kisha ikaja habari kwamba Badru anakuja Muscat.

Nyumba nzima ikapinduka. Mama akaagiza mbuzi. Shemeji akatoa vyombo vile vya kabatini ambavyo sisi wengine huwa tunavitazama tu. Ijumaa baada ya sala, mezani biriani, halua, kahawa, ubani umefukizwa, mama amekaa kwenye kochi linalotazama mlango.

Mgeni hakuja. Simu yake imezimwa. Wakasema labda foleni mpakani.

Mimi sikuwa nautazama mlango, nilikuwa namtazama Salma. Alikuwa amevaa abaya yake mpya na amekaa ukingoni mwa kiti. Baadaye akamnong'oneza mama yake kwamba anataka kwenda kwa rafiki yake, dereva wa familia ya huyo rafiki atampitia pale barabarani. Mama yake, akili yote iko kwa mgeni, akasema nenda.

Nikamfuata ukumbini. Sikumpigia kelele. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia, "Salma, mimi ami yako wa kweli. Yuko wapi?"

Akaanza kulia. Akasema Ami Badru amefika tangu jana. Anaona haya kuja nyumbani kwa sababu wazee waligombana zamani. Anataka kwanza aonane na yeye Salma, peke yake, Bawshar, kwenye parking ya mall, kisha Salma ndiye amlete nyumbani kuwapatanisha. Na asimwambie mtu, maana wakijua watamfukuza. Gari la rafiki halipo, ni teksi aliyotumiwa na Badru.

Mtoto alidhani anakwenda kumrudishia bibi yake furaha. Mpaka leo nikikumbuka hilo naumia.

Nikamrudisha ndani, akayarudia mbele ya wote. Nassor bado akaanza kutafuta maelezo. Mama ndiye aliyemkatiza. Akasimama, na mama huwa hasimami bila kushikwa.

"Keshafika mji huu tangu jana, hajaja kunipa mkono?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Basi huyo si wa kaka yangu. Mtoto wa kwetu hashuki Maskati akapita mlango wa mkubwa akenda kwa mtoto. Hata awe mgomvi. Hata awe mlevi. Mfungieni Salma mlango, asitoke."

Shangazi wa uongo hakumtikisa mama, lakini hilo lilimtosha. Anayejua kwetu anaelewa. Ukifika mji, unaanza kwa mkubwa wa nyumba, mengine baadaye. Yule mtu alikuwa amejifunza majina yetu yote, ila hilo hakujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Sisi hatulisemi, tunalifanya tu.

Mimi na Nassor tukaenda Bawshar. Ile parking ilijaa magari. Nikatembea safu kwa safu kama mwizi. Kila mwanamume aliyekaa peke yake garini nilimshuku. Huyu mwenye kanzu anasoma gazeti, yule mwenye suruali anaongea na simu, mwengine alinitazama akawasha gari akaondoka, sijui ndiye au alinidhania mimi ndiye mhalifu. Tukarudi hatujamjua. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba sina hata sura ya kumchukia.

Kesho yake tukaenda kituo cha polisi. Afisa aliyetupokea alikuwa mtu mzima, mwenye watoto, alitusikiliza bila haraka na uso ulimbadilika. Lakini aliyotuambia yalinivunja. Kwa nilivyomwelewa mimi, ambaye si mwanasheria, wakati ule hakuwa na kifungu cha kumshika mtu kwa kuongea na mtoto kwenye kompyuta. Hajamgusa. Hajamchukua. Hatujui jina lake la kweli wala nchi alipo. Kudanganya kwamba wewe ni jamaa si kosa. Angekamatwa na mtoto garini, hapo lingekuwa jambo jengine.

Yaani kwanza mtoto aingie kwenye gari?

Nikasema tuandikishe hivyo hivyo, ibaki kumbukumbu. Nassor akanishika mkono. "Sitara, ndugu yangu. Binti huyu. Jina lake likae kwenye karatasi za polisi, kesho nani atakuja kumposa?" Nilitaka kubishana, nikamwona machozi yamemlenga. Tukashukuru tukatoka.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Kompyuta ya Salma ikauzwa. Kwenda kwa marafiki mwisho. Madrasa anapelekwa na kurudishwa na kaka zake, wanamlinda kama mfungwa. Watu wa nyumbani wakimwona wananyamaza. Hakuna aliyemtukana, lakini mtoto ana macho.

Siku moja nampeleka kwa daktari wa meno, akaniuliza garini: "Ami, kwani mie nlikosa nini? Mlinambia nkiulizwa mtoto wa nani nijibu."

Nilimwambia hajakosa kitu. Nikasimamisha gari pembeni nikamwambia mara ya pili, maana niliona hakuniamini. Yeye ndiye aliyenyang'anywa kila kitu, na yule mtu hakunyang'anywa chochote. Hakupoteza hata nickname yake.

Wakuu, somo nililolipata mimi ni hili. Tunapenda kusema mzazi awe macho, na ni kweli, lakini sisi tulikuwa nyumba nzima, watu wazima, tukampikia mbuzi. Mtu anayejua anachokitafuta atawapita wazazi kupitia kile wanachokipenda. Kwetu sisi ni ukoo. Kwako inaweza kuwa kanisa, timu ya mpira, kabila, shule uliyosoma.

Kwa hiyo sheria lazima iwepo, na iwe kali. Kumrubuni mtoto mtandaoni, kumfundisha siri, kumpangia mahali pa kukutana, kila kimoja kiwe kosa kabla mkono haujamgusa. Polisi wa nchi mbili wawe na njia ya kuulizana, maana hawa watu hawana mpaka. Na zaidi ya yote, jina la mtoto lifichwe kwa sheria. Watu wetu hawaendi kituoni kwa sababu ya jina. Basi lifichwe jina, muone watakavyojaa pale. Kaka yangu angeandikisha siku ile ile.

Wanasheria mliomo humu, nipeni mwanga: nchi yako ikoje? Mtu kama huyu anashikika, au na nyinyi mnangoja aumie mtu kwanza? Na wazazi yaliyowakuta msione haya, andikeni kwa nickname. Ila nawaomba kitu kimoja, asiniulize mtu humu ndani mimi ni wa ukoo gani. Sitajibu, na atakayeuliza nitamtilia shaka, anisamehe mapema.

Kabla ya kuutuma uzi huu nilimsomea Salma, kwa sababu ni wake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Ami, humo watu wote wanajua Kiswahili?"

Nikamwambia ndiyo, wote.

"Basi na yeye atasoma."

Nilitaka kumwambia hapana. Nikashindwa, nikamwambia simjui, kwa hiyo sijui. Akanambia tuma tu.

Nimetuma.