Gari Aliloagiza Wendell

Arlys Hoekzema alikuwa mpishi wa shule kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na ni vigumu kumpata mtu kati ya vimiji vyetu vya Zeeland na Drenthe ambaye hajawahi kunywa supu yake ya njegere, apende asipende. Hakuwa mwoga. Aliwahi kumtoa popo jikoni kwa ufagio huku watoto wakipiga mayowe, kisha akarudi kupakua chakula bila hata kufungua kinywa. Lakini tangu azikwe mumewe, kulikuwa na neno moja lililomshinda kulitamka. Alisema "tangu Wendell aondoke" au "tangu ile Februari", utadhani mzee kaenda kuvua samaki ziwani akachelewa kurudi. Watu wa huku kwetu hatumsukumi mtu katika jambo kama hilo. Tunaleta mikate ya nyama, tunaketi kidogo, tunaaga.

Wendell alikuwa muuza magari katika yadi ya Gerrit Vredeveld. Ujana wake wote aliuza Tamarack, lile gari la pembe pembe la kupandia milima, na kiwanda kilipofungwa akauza magari mengine bila mapenzi yoyote. Nyumbani walibaki na Tamarack yao ya kijani, na kila Jumamosi asubuhi waliipeleka kwenye uwanja wa duka la chakula cha mifugo, wanapokutana wenye magari hayo kunywa kahawa, kufungua boneti na kubishana. Mumewe alipotoweka mezani, Arlys aliendelea kwenda peke yake. Aliendesha vibaya, lakini alikwenda.

Ndipo habari zikaja kwamba kampuni mpya imelinunua lile jina na inatengeneza Tamarack ya umeme. Tena haitakuwa na yadi wala muuzaji. Unaagiza kwa simu, gari linaletwa mlangoni, basi. Uwanja mzima ukachemka.

"Mita tano na robo!" alisema Duane Schrotenboer, mfugaji wa batamzinga, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa zaidi. "Jamani, hilo si gari, hiyo ni sebule yenye magurudumu. La kwangu linapita katikati ya mistari ya bluberi bila kuangusha tunda."

"La kwako linapita kwa sababu limeshaoza pande zote mbili," Arlys alimjibu.

"Shemeji leo kaamka na mguu gani?"

"Na wewe jitazame tumbo, Duane. Hilo la zamani unaingia kwa kusukumwa. Kampuni imekuonea huruma."

Watu walicheka. Gerrit Vredeveld hakucheka. Alisimama na kikombe chake cha kahawa, koti limefungwa mpaka shingoni, mzee wa kanisa na mwenye yadi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa mbele ya wajukuu.

"Ukubwa si hoja," alisema. "Hoja ni nani anakuuzia. Likigoma asubuhi ya barafu utamgombeza nani? Utaigombeza simu?"

"Wewe nilikugombeza mwaka mzima juu ya ile gia," Duane akasema. "Ulinisaidia nini?"

"Nilikuletea paja la nguruwe Krismasi."

"Lilikuwa na chumvi, Gerrit. Chumvi tupu."

Ubishi haukuisha kwa maneno. Mmoja wao alikuwa na chokaa ya kuchorea viwanja vya mpira, wakachukua vipimo kwenye mtandao, wakavuta kamba, wakachora gari zima chini kwenye lami: bampa, milango, viti, buti. Kisha wakaingia ndani ya mchoro kupima nafasi. Duane alisimama nyuma na mkewe, Gerrit naye akaingia huku ananung'unika. Arlys, kwa mazoea ya maisha, alikwenda kusimama mahali pa kiti cha abiria. Walikaa hivyo kitambo, wamesimama wima ndani ya mistari, wanatazama mbele.

"Pana nafasi, lazima tukubali," alisema Duane. "Haya, twende. Nani anaendesha?"

Aliposikia mwenyewe alichosema akatazama chini. Mahali pa dereva palikuwa patupu, na hakuna aliyesogea kupajaza. Jumamosi iliyofuata uwanja ulijaa mpaka magari mengine yakaegeshwa barabarani, lakini mchoro ule haukukanyagwa na gurudumu hata moja. Hakuna aliyekuwa amekataza.

Walichokuwa hawakijui ni hiki: Arlys alikuwa na gari lile kwenye foleni. Tuseme ukweli, lilikuwa la Wendell. Wiki ile ya mazishi, mikate ikiwa bado mezani, simu ya marehemu iliwaka yenyewe juu ya kabati. *Habari Wendell! Foleni inasogea. Bado unaitaka Tamarack yako?* Arlys aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Mumewe, mtu wa Gerrit tangu ujana, alikuwa ameagiza gari kwa simu kimyakimya, kabla habari hazijafika uwanjani, bila kumwambia bosi wala mke. Alimkasirikia kwa mara ya kwanza tangu amzike, na hasira ile ilimpa nafuu ya ajabu.

Alitaka kujibu kwamba mwenye simu hayupo. Lakini chini ya ujumbe palikuwa na majibu mawili tu ya kubonyeza: *Ndiyo*, na *Bado nafikiria*. Arlys akabonyeza *Bado nafikiria*.

Kosa lilianzia hapo. Gari lingenunuliwa kwa Gerrit, Gerrit angekuwa amesimama kando ya kaburi ameshika kofia, na jambo lingeishia hapo. Kampuni ile haikuwa na mtu wa kuja msibani. Kwao Wendell alikuwa mzima, mteja mpendwa, anayetakiwa kuamua kuhusu rangi. Dunia nzima ilikuwa imeshamfuta: benki, kanisa, hata yule jamaa anayeleta gazeti. Palibaki sehemu moja tu ambapo mtu bado alimsalimia kwa jina na kungoja jibu lake. Arlys aliiweka ile simu kwenye chaji kila siku. Alijua vizuri kwamba akisema neno lile, oda itafutwa na salamu zitakoma. Alijua pia kwamba asiposema, siku moja gari litafika mlangoni na kumtaka mwenyewe. Akanyamaza.

Walimuuliza rangi, akajibu kijani, kama ambavyo angejibu mumewe. Walimuuliza aina ya magurudumu, akachagua yale mabaya ambayo Wendell angeyapenda. Ilikuwa raha, tusimlaumu. Halafu asubuhi moja akiwa anamenya viazi, simu ikawaka: *Asante, Wendell, kwa kuongeza ndoano ya kuvutia mashua. Chaguo zuri!*

Arlys alikausha mikono. Hakuwa ameongeza ndoano yoyote. Mashua yenyewe alikuwa ameshaiuza kwa binamu wa Duane, tena kwa siri, kwa sababu aliona aibu. Alirudi nyuma katika ujumbe wote kutafuta mahali alipobonyeza vibaya, asipaone. Akajiambia ni uzee. Baada ya hapo yakaja mengine: *Asante kwa kutuuliza kuhusu betri kwenye baridi.* *Asante, Wendell, tumefurahia mazungumzo yetu ya jana.* Jana yake Arlys alikuwa kwa dada yake tangu asubuhi, na simu ilikuwa kabatini.

Aliipigia kampuni. Alijipanga kabisa, akavaa hata viatu, akaketi wima mezani na lile neno tayari mdomoni. Iliitikia sauti ya mwanamke, laini, isiyo na haraka.

"Nakusikiliza, Wendell."

"Mimi si Wendell," alisema Arlys.



"Basi tutamngoja," ilisema ile sauti.

Arlys akakata. Aliitazama ile simu kwa woga, kisha akaifunika kwa kitambaa cha vyombo, akaenda kukaa barazani bila koti.

Gerrit ndiye aliyegundua. Alipita siku moja kumletea mkate wa lozi, na alipokuwa anautafutia kisu, simu ikawaka chini ya kitambaa. Alisoma kabla hajajizuia. *Wendell, gari lako limetoka kiwandani.*

"Wendell?" Gerrit alisema. "Wendell huyu wangu?"

"Huyo huyo."

"Alikula kwangu. Nilimsimamia harusi." Mzee aliketi, mkate mkononi. "Ningempa kwa bei ya kununulia, Arlys. Ningempa bure."

"Wewe huna la umeme, Gerrit."

"Ningelitafuta!" Macho yake yalikuwa yamelowa, na Arlys alimwonea huruma kwa dhati. Baadaye Gerrit akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, waambie. Mtu kafa, wafute. Hii si salama."

"Nitawaambia."

"Umewaambia lini mara ya mwisho?"

Arlys akamkatia kipande cha mkate aliouleta mwenyewe.

Gari lilifika siku ya theluji, mchana, mbingu imeshuka mpaka kwenye paa za mabanda. Arlys alisikia lori likikata kona, akaenda dirishani kulitazama likiingia njia ya mbele. Halikuingia. Lilipita mbele ya nyumba pole pole, likazunguka shamba la jirani, likaingilia upande wa nyuma, kwenye ile njia ya udongo isiyotumiwa na wageni. Juu yake, limefungwa kwa mikanda, lilikuwa limekaa lile gari la kijani. Kweli lilikuwa kubwa. Duane hakuwa ametia chumvi.

Dereva aliruka chini, mtu wa makamo mwenye masharubu, akajitambulisha kuwa anaitwa Ruben Cantú.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa kuzunguka. Mzee ameniambia nisipite mbele."

"Mzee gani?"

"Mzee Wendell. Kanipigia nikiwa njiani. Kasema chini ya njia ya mbele kuna tangi la maji machafu, nikipita na uzito huu nitazama mpaka ekseli." Alicheka. "Kaniokoa. Ningefanya nini mimi na mavi ya watu theluji yote hii?"

Arlys alishika nguzo ya baraza. Tangi lile Wendell alilifukia kwa mikono yake, mwaka waliohamia, na hapakuwa na alama yoyote juu yake.

Ruben alilishusha gari kwa utaratibu, akalifuta theluji kwenye kioo kwa mkono wa koti lake, kisha akaja na kibao cha skrini cha kutilia sahihi.

"Haya, mama, niitie mzee atie sahihi, nami niende kabla barabara haijafungwa."

"Naweza kutia mimi."

"Natamani. Lazima awe yeye, uso wake na jina lake. Kalala?"

Hapo ndipo alipotakiwa kuamua, na alijua. Angeweza kusema amelala. Angeweza kusema ametoka, rudi kesho, na kesho nayo ingezaa kesho yake, na simu ingeendelea kuwaka juu ya kabati. Ruben alingoja huku anapiga miguu yake chini kwa baridi.

"Amefariki," alisema Arlys. "Mume wangu amefariki. Mwaka juzi."

Ruben alivua kofia. Theluji ikamwangukia kichwani na hakuipangusa.

"Mama, mimi nimeongea naye saa hii hii."

"Najua."

"Basi nimeongea na nani?"

Arlys alikuwa na swali lake mwenyewe, na lilimtoka kabla hajaona haya.

"Aliniulizia?"

Ruben alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, hakutaka kumdanganya mjane. "Hapana, mama. Aliulizia gari tu. Kama kiti cha abiria kinapata moto haraka. Aliniuliza hilo mara nyingi, mpaka nikachoka. Nikamwambia mzee, kinapata, tulia."

Arlys aliweka mkono kwenye nyonga yake ya kulia. Ilimuuma kila majira ya baridi tangu alipoanguka jikoni pale shuleni, na Jumapili zote za theluji Wendell alitangulia nje kuwasha gari, akarudi ndani kumfuata pale kiti kilipokwisha kupata joto. Hakuwahi kusema kwa nini anafanya hivyo. Alisema tu kwamba injini inataka muda.

"Naomba nikae humo kidogo," alisema.

"Kaa, mama. Lakini sijaliwasha. Kutakuwa na baridi."

Mlango ulikuwa mzito. Arlys alipanda kwa shida upande wa abiria, akaufunga, na kelele zote za upepo zikakatika. Kiti kilikuwa na moto. Moto wa kutosha, wa taratibu, uliopanda kwenye nyonga na kuingia ndani mpaka mfupani, na maumivu yakaachia. Kwenye kioo cha mbele alimwona Ruben amesimama mbali, mgongo amemgeuzia kwa heshima. Hakugeuka kutazama kushoto kwake, mahali pa dereva. Alikuwa na hofu, na zaidi ya hofu alikuwa na furaha, na hakujua ataifanya nini.

Alikaa mpaka akaona theluji imeanza kuziba kioo.

"Wendell," alisema, akitazama mbele tu. "Wewe umekufa, baba. Ulikufa Februari, nilikuwepo. Nilishindwa kukuambia."

Baada ya muda kidogo tu, kiti kikaanza kupoa chini yake, kikapoa hadi kikawa ngozi baridi ya gari lisilowashwa. Arlys alisubiri mpaka nyonga ilipoanza kuuma tena, kisha akashuka, akaufunga mlango, akamwambia Ruben alirudishe gari.