Mwito wa Mara Moja

Sipendi vitabu vya mawaidha. Mwanangu aliniletea kimoja chenye kanuni za kuamua mambo na kuishi vizuri, nikakisoma hadi katikati nikakifungia kabatini. Si kwamba kina uongo. Kanuni zake ni nzuri, nami najua kanuni nzuri inaweza kumfanyia mtu nini.

Aliyenilea kwa kanuni ni hawe, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, mama mzaa baba. Miaka ya themanini tulikuwa tukikaa Tezo, katikati ya shamba la mikorosho. Hawe hakusoma hata darasa moja, lakini hakuna aliyewahi kumdanganya mara mbili. Alisema kuku hanunuliwi jioni, kwa sababu gizani kila kuku ni mzima. Alisema mwenye njaa asidaiwe jibu, apewe uji kwanza. Na kazi ambayo huwezi kumtajia mamako, usiifanye. Nilimcheka, kisha nikaenda Kilifi mjini nikanunua kuku jioni. Kesho yake nilimzika.

Kanuni yake kuu ilikuwa hii: ukiitwa mara moja, usiitike. Kwetu hilo si jambo geni. Koma, roho za wazee waliotangulia, na vingine ambavyo havitajwi, huita mara moja tu. Binadamu mwenye haja nawe ataita mpaka koo limkauke. Hawe aliichukua imani hiyo akaitumia kwa kila kitu. Nilipofika miaka kumi na tisa, alikuja mtu wa viatu vya kung'aa kuniposa, na baba akataka kukubali siku hiyo hiyo.

"Mwanangu, nyamaza," hawe akamwambia. "Akiwa na haja, atarudi."

Hakurudi. Baadaye tukasikia ana wake wawili Mtwapa, na wote wamemkimbia. Tangu hapo nikaiamini kanuni ile kuliko macho yangu mwenyewe.

Mwaka uliofuata, msimu wa korosho, hawe alitoka asubuhi na kikapu kwenda kuokota korosho upande wa mahame. Pale ndipo lilipokuwa boma letu la zamani, kabla wazee hawajahama. Kuta zilikwisha anguka. Vilivyobaki ni vigango, zile mbao za kuchonga zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee waliokufa, ambazo hazihamishwi hata watu wakihama. Mikorosho ya huko ilikuwa imefungamana, chini yake mchana kweupe ulidhani ni magharibi. Mabibo yalikuwa yameoza ardhini na harufu yake ililevya. Mimi sikupenda kwenda huko, na sikuona haya kusema.

Jua lilikuwa la utosi. Nilikuwa jikoni nimekalia mbuzi, nakuna nazi. Ghafla njiwa wakanyamaza. Sikujua hata kwamba walikuwa wakilia mpaka waliponyamaza. Kisha nikaitwa, kwa jina langu la utotoni ambalo hawe peke yake ndiye aliyekuwa akilitumia. Sauti haikutoka mbali. Ilikuwa hapo hapo nyuma ya ukuta wa makuti, ya chini, ya mtu asiyetaka kuwaamsha wengine.

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga. Nilikaa na kifuu mkononi, malaika yamenisimama, nikangoja mwito wa pili. Haukuja. Sikuchungulia nje. Nikajisifu moyoni kwamba leo nimekishinda kitu kibaya, na hawe akirudi nitamsimulia acheke. Nikakuna nazi yote, nikaunga mchicha, nikasonga sima, nikamfunikia yake. Sima ikapoa.

Kivuli kilipofika mlangoni na hawe hajarudi, nilimwita kaka yangu tukaenda mahame. Tulimkuta ameketi, ameegemea kigango, mguu umevimba hadi pajani na ngozi inang'aa. Kifutu, yule nyoka mnene, alikuwa amejilaza katika majani makavu na rangi yao moja, hawe alimkanyaga. Kikapu kilikuwa kando yake, hata korosho moja haikumwagika. Macho yake yalikuwa wazi, yakitazama njia ya nyumbani.

Tulimbeba kwa kitanda cha kamba hadi barabarani, na pikapu ya mnunuzi wa korosho ikatufikisha hospitali. Daktari alisema mguu hauna budi kukatwa. Akaongeza kwamba kama tungewahi saa mbili tatu mapema, huenda ungepona. Hakuwa akinilaumu, hakujua lolote.

Siku ya nne hawe aliweza kusema.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Uliniita siku ile?"

"Nilikuita."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Nguvu ya pili sikuwa nayo."

Nikalia, nikamweleza yote. Kwamba nilisikia, kwamba nilinyamaza, kwamba yeye ndiye aliyenifunza. Nilitaka anisamehe, na nisifiche, nilitaka pia akubali kuwa kosa ni lake.

"Nilikwambia usiitike," akasema. "Sikukwambia usije."

Aliishi miaka mitatu mingine akitembea kwa gongo, na neno lile hakulirudia. Mimi ndiye niliyemwogesha, mimi ndiye niliyemtoa nje kuota jua.

Kaka yangu hakuamini kwamba nilisikia chochote. Siku moja alikwenda kusimama pale pale mahame, akapiga ukelele mpaka sauti ikamkauka, nami niko jikoni nimetega sikio. Sikusikia kitu. Ni mbali mno, na mikorosho inameza kila sauti. Jioni nilimweleza hawe. Akasema korosho za mwaka huu ni ndogo ndogo, akaomba maji.

Sasa nakaa Kibarani, kwenye majirani wengi na redio zao. Bado naitwa. Huwa mchana, mara moja, kwa jina lile ambalo hakuna aliye hai anayelijua zaidi yangu. Naogopa kila mara, uzee haujanisaidia. Siitiki. Naepua chungu, nafunga leso vizuri, natoka kuzunguka nyumba, kisha naenda hadi kwa jirani mgonjwa, kisha hadi kisimani. Watu wamenizoea, wanadhani natafuta kuku. Sijamkuta mtu hata siku moja, na kila nikiitwa naenda mbio.