Test zote zilipita, na mvua za Jaja zikafutika

Wakuu, salamu kutoka mpakani. Wanaonijua humu wanajua mimi ni mtu wa kucheka, ila leo mnivumilie. Nitaandika ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga, kwa sababu nilikuwa mjinga kweli.

Kwanza mnijue. Naitwa Okoth, kwetu ni Nagongera, Tororo. Shule niliishia S4, yaani kidato cha nne. Nafanya kazi kwenye cyber moja Busia, upande wa Kenya: photocopy, kuscan, kujazia watu fomu. Programming nimejifunza kwa video za simu. Ndoto zangu ni kubwa kuliko laptop yangu.

Kijijini kwetu kulikuwa na bibi tuliyemwita Jaja. Alikuwa mkunga enzi zake, na nusu ya watu wa pale tumepita mikononi mwake.

Kwa wasiojua, sisi Jopadhola majina yetu mengi yanasema ulizaliwa vipi. Athieno ni wa usiku. Okoth ni wa mvua. Shida ni kwamba akina Okoth tumejaa. Ita "Okoth!" siku ya soko uone, wanageuka watu sita na boda boda moja inafunga breki.

Jaja peke yake ndiye aliyejua kila Okoth ni wa mvua ipi.

Daftari lake lililiwa na mchwa zamani. Yote yalibaki kichwani. Ndipo nikamtengenezea web app ndogo: jina la mtoto, jina la mama, na mahali pa kuandika alivyozaliwa. Nilipoweka column ya tarehe alinicheka sana.

"Tarehe ni ya serikali. Mimi niulize mvua."

Kila Jumapili nilikaa mlangoni pa jiko lake, yeye anabambua karanga, mimi natype kwenye simu, inaingia moja kwa moja kwenye server. Alinitania hakuna mfano. "Wewe ulitanguliza miguu, ndiyo maana ukapata kazi ya kompyuta. Kila kitu kinyume."

(Mtauliza kwa nini sikumrekodi sauti. Alikataa. Alisema hataki kuongea na watu akiwa ameshakufa.)

Tulifika watoto mia tatu na kitu. Halafu akapata stroke.

Upande mmoja ukalala, na maneno yakaisha. Masikio yalibaki mazima. Mjukuu wake anayemtunza, Athieno, akapata wazo: Jumamosi watu wote aliowazalisha waje uani, mimi nisome rekodi moja moja kwa sauti, Jaja asikie kazi yake angali hai.

Nikaahidi kutengeneza page nzuri ya kusomea.

Ijumaa mchana nilikuwa nyumbani namalizia. Sasa hapa wataalamu mnisikilize.

Test zangu, yaani programu ndogo za kukagua kama app inafanya kazi, kabla ya kuanza zilikuwa zinafuta kila kitu kwenye database, kisha zinaingiza rekodi moja ya mfano. Hiyo haina ubaya, ilimradi database yenyewe ni ya majaribio. Yangu ya majaribio ilikuwa kwenye kompyuta ya cyber, Busia. Nikiwa Nagongera haifikiki.

Connection timed out. Nikarudia. Timed out.

Basi nikafungua config, lile faili la mipangilio, ya app yenyewe, ile ya server yenye rekodi za Jaja, nikakopi mistari minne: host, jina la database, user, password. Nikabandika kwenye config ya test. Nikajiambia ni kwa muda tu, nione kama zinapita.

Zikapita. Zote. Kijani mpaka chini.

Wakuu, nilicheza. Nilimwita mama aache kufua aje aone kijani, na akaja, akapiga makofi bila kujua anapigia nini.

Simu ikaita. Athieno.

"Okoth, hii kitu yako naleta mtoto moja tu."

"Refresh."

"Nimerefresh mara tatu. Ni wewe. Okoth na mvua yako. Wale wengine umeweka wapi?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Wakati naandika test sikutaka kutunga mtu wa uongo, nikatumia rekodi yangu mwenyewe kama mfano. Kati ya watoto wote wa Jaja, nilibaki mimi peke yangu.

Niliwaandikia wenye server. Wakajibu kwa upole kwamba package ya bure haina backup, yaani nakala ya akiba. Na mimi sikuwahi kuchukua hata moja.

Jumamosi nilitamani kutoroka, mguu mmoja ulikuwa tayari Busia, lakini nilienda. Uani palijaa. Jaja alikuwa amekalishwa kwenye kiti, amevishwa gomesi yake ya kanisani. Nikasimama mbele yake nikasema, "Jaja, nimewafuta. Wote."

Mzee mmoja akauliza, "Si uandike tena?"

Athieno akaniambia nisome iliyopo. Nikasoma: "Okoth. Mvua ya mawe, ile iliyotoboa bati za kanisa. Alitanguliza miguu. Mama yake alicheka."

Mkono mzima wa Jaja ukagonga kiti mara mbili.

Hapo akainuka jamaa mmoja wa boda boda, mtu mzima, mwili mkubwa, kofia ngumu kwapani. "Jaja, na mimi ni Okoth. Yangu ilikuwa mvua gani?"

Jaja akafungua mdomo. Tukangoja. Ilitoka sauti, neno halikutoka. Akajaribu tena, machozi yakaanza kumshuka, na mtu yeyote aliyekuwa pale aliona kwamba anaijua. Ilikuwa pale pale mdomoni.

Yule jamaa akapiga magoti akamshika mkono. "Basi Jaja, wacha. Nilikuja kukusalimia tu."

Jaja tulimzika mwezi haujaisha.

Nilichojifunza: config ya test isiguse kabisa password ya server. Test iangalie kwanza jina la database, na kama si ya majaribio, igome. User wa test asiwe na ruhusa ya kufuta kwingine. Na backup chukua leo, data ikiwa bado ipo.

Siku hizi Jumapili nazunguka kwa akina mama, nawauliza. Wengine wanakumbuka, wengine wananidanganya ili nisihuzunike. Rekodi zinarudi taratibu.

Mwenye ushauri wa kitaalamu aweke hapo chini. Mwenye matusi pia karibu, nitasoma yote. Ila kabla hujacomment, mpigie mama yako umuulize siku uliyozaliwa kulikuwaje, kisha uje utuandikie.

Yule Okoth wa boda boda hana wa kumpigia.