Nilivyofanywa Mfano Dukani Konde

Dukani Konde, mzee mmoja alikuwa akimnunulia bintiye begi la chuo. Mwenye duka akauliza binti anasomea nini.

"Dynamic macroeconomics. Uchumi wa nchi unavyobadilika," binti akajibu.

Muuzaji akanielekezea kidevu, mimi graduate ninayeshinda kibarazani kwake. "Mzee, mtizame huyu! Kasoma hayo hayo, kazi hana. Mrejeshe mwanao nyumbani."

Mzee akaliweka begi chini. Nilitaka kumtolea muuzaji la moyoni, in two languages, lakini binti akaniwahi.

"Baba, ndilo nnalotaka kulijua. Kwa nini nchi imsomeshe mtu kisha imwache kibarazani?"

Mzee akanitazama, akalichukua tena begi. "Nifungie."

Kazi bado sina, but nilirudi nyumbani kifua mbele: nimekuwa research question, na mtafiti ni mtoto wa kwetu.