Viatu Vilibaki Mlangoni

Kisigino changu cha kulia kilianza kuniuma nikiwa boi wa nyumba upande wa Loresho, mtaa wa Wazungu, miaka ile ya Hali ya Hatari chini ya Waingereza, watu wa kati walipokamatwa na kupelekwa kambini na sisi wa magharibi tukaja kujaza nafasi zao. Shule msiniulize. Nilifika darasa la pili, mwalimu akafa, ikawa basi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu mitupu. Boi alivaa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na kofia, na miguuni hakuvaa kitu. Ndiyo ilikuwa desturi. Kila asubuhi nilipaka sakafu nta, nikapanda juu ya blanketi kuukuu na kuisugua kwa kucheza miguu, huku na huku, mpaka mbao zing'ae. Mpishi, mtu mzima wa kwetu, alinitazama akicheka.

"Cheza, ndugu yangu! Leo harusi ya nani?"

Mpishi huyo alikuwa na sauti nzuri kanisani, lakini ugali wake haukuwahi kuiva. Wazungu aliwapikia vizuri, sisi akatulisha unga wa moto. Haya, turudi kwenye kisigino.

Maumivu hayakukaa kwenye kisigino chenyewe. Yalikuwa juu yake kidogo, kwenye ule mshipa mnene unaoshuka kutoka shavu la mguu. Nikitoka kitandani nilitembea kama mtu anayekanyaga miiba. Nikishasugua sakafu kidogo, mshipa unapata joto, maumivu yanapotea, nami najiambia nimepona. Jioni umevimba tena. Huo ndio ujanja wake, ulinidanganya muda mrefu.

Mpishi alisema kuna mtu ameokota udongo wa nyayo zangu kuniroga.

"Nani anakuonea wivu, ndugu yangu?"

"Wivu wa nini? Wa hii kofia?"

Hakucheka. Alinichanja kwa wembe pale pale kwenye mshipa, akapaka dawa nyeusi. Pakatunga usaha, ngozi ikapona, na maumivu yalikuwa chini yake yakinisubiri.

Hospitalini dresa, yule msaidizi wa daktari, alinibonyeza kwa vidole viwili, nikaruka. Akasema mshipa huo ni kama kamba ya kisima, nyuzi zake zimechoka kwa kuvutwa kila siku, hakuna uchafu wa kutoa.

"Inua kisigino. Vaa kiatu chenye kisigino kirefu kidogo, kamba ilegee. Kutembea usiache, ila usiivute sana. Na usitegemee itapona upesi."

Basi siku ya mapumziko niliteremka mpaka River Road, kwa Mhindi mmoja mshona viatu aliyekaa kibarazani na misumari mdomoni. Nikamwomba ainue kisigino, akageuza kiatu changu.

"Mguu moja iko fupi?"

"Hapana, fundi. Iko na maumivu."

"Mimi napiga ngozi tu. Maumivu peleka kwa daktari."

"Huko ndiko nimetoka. Wamenituma kwako."

Akacheka mpaka misumari ikamwagika. Halafu akakata vipande vya ngozi, akavibandika ndani ya viatu vyote viwili, pale kisigino kinapokaa.

Nilirudi Loresho kwa miguu, na njia nzima sikuchechemea. Naikumbuka jioni ile kama sikukuu. Kwenye mlango wa jikoni nikavua viatu, nikakanyaga sakafu yangu inayong'aa, na kamba ikavutwa. Dawa ilikuwa kwenye kiatu, na kiatu hakikuruhusiwa ndani. Bila mguu sina kazi, na bila kazi nirudi nyumbani nikamwambie nini mama?

Nikamwendea bibi mwenye nyumba.

"Memsab, naomba kuvaa viatu ndani. Mguu mgonjwa."

Aliinama akautazama. Nampa haki yake, aliinama.

"Damu iko wapi?"

"Hakuna damu, memsab. Iko ndani."

"Kama hapana damu, mguu iko mzuri. Viatu nafanya alama kwa sakafu."

"Nitavifunga kitambaa chini..."

"Boi. Mimi nasema hapana."

Nikabandua ile ngozi, nikaifunga chini ya kisigino kwa kitambaa. Kanzu ilikuwa ndefu, nikadhani haitaonekana. Kwa siku chache nilipata nafuu. Kisha wakaja wageni. Nilikuwa katikati ya chumba na bakuli la supu, kitambaa kikateleza kwenye nta, na sakafu niliyoisugua mwenyewe ikanitupa chini. Supu ikamwagika mpaka kwenye viatu vya wageni. Wao walivivaa humo ndani.

Asubuhi yake nikaambiwa niende kwetu nikapumzike. Nilipopita dirishani na mzigo wangu, binamu wa mpishi alikuwa ndani ya kanzu yangu, juu ya blanketi langu. Nikasikia sauti ile ile: "Cheza, ndugu yangu!"

Baada ya hapo nililima, nikabeba magunia, nikachunga lango la watu. Mshipa nilizunguka nao kote. Juzi daktari alinifundisha kusimama kwenye ngazi na kushusha kisigino polepole, niupe mshipa nguvu. Akasema ingekuwa vizuri kama ningeanza zamani. Nikamwambia ndiyo, daktari, zamani.

Binti yangu ameninunulia ndara zenye kisigino kinene za kuvaa ndani. Ananigombeza, "Baba, vaa!" Nami kila nikifika mlangoni, kabla sijajua, nimeshazivua.