Kaboni Iliyogeuka

Sisi watu wa Bukoba hatungoji wengine watusifu, nami sitajifanya mnyenyekevu leo: ile kazi niliifanya vizuri.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhasibu, nikapangiwa mwaka wa majaribio kwa mweka hazina wa halmashauri, hapo Mwanza. Ofisini waliniita nshomile, msomi, kwa kunitania, nami niliitika. Ilikuwa miaka ile ya mageuzi: maduka yamejaa vitu, ofisi zinapunguza watu. Orodha ya watakaopunguzwa ilikuwa mezani kwa mweka hazina.

Siku moja aliitwa mama mmoja wa Kisukuma, mkusanya ushuru wa soko la Mkuyuni. Alikuwa na utaratibu wake: kabla soko halijachangamka alichomeka karatasi za kaboni kwenye kurasa zote za kitabu cha risiti atakazotumia siku hiyo, maana wauza dagaa hawana subira. Safari hii alikata risiti ishirini na tatu bila kupumzika. Alipochomoa kaboni jioni, nakala zote zilikuwa nyeupe. Alizileta hivyohivyo, pamoja na fedha.

Mweka hazina alinisukumia kitabu hicho. "Nakala hakuna. Tutajuaje kama alikusanya fedha hizi tu? Andika taarifa ya upotevu, usaini, nimalizie orodha yangu."

"Mzee, nimeleta yote," mama alisema pale mlangoni. "Miaka kumi na nane sijala hata senti ya soko."

Kaboni zile zilikuwa za aina mpya, za dukani, nyeusi pande zote mbili kwa kuziangalia. Niliinua ukurasa mmoja dirishani nikaona mikwaruzo ya kalamu. Basi nikaelewa: kaboni zilichomekwa zikiwa zimegeuka, wino wake ukaandika nyuma ya risiti walizopewa wafanyabiashara.

"Siwezi kusaini, mzee," nikasema. "Nipe hadi kesho jioni, nizilete risiti zenyewe."

"Binti, hata wewe hujathibitishwa kazini."

Hilo nililijua. Lakini hasira ilizidi woga. Nisome miaka yote ile nije kuwa muhuri wa mtu?

Kesho yake nilizunguka Mkuyuni meza hadi meza. Mfanyabiashara wa soko hatupi risiti. Huichomeka kwenye msumari, asije akatozwa mara mbili. Nyuma ya kila moja niliyokuta, maandishi yalikuwa yamegeuka kama ya kwenye kioo. Wengine waliniazima zao, ila muuza sangara mmoja alikataa katakata. Nikamwambia basi twende wote. Akafunga meza, tukaongozana hadi ofisini na harufu yake ya samaki.

Mweka hazina alijumlisha mwenyewe, mara mbili. Risiti zote ishirini na tatu zilikuwepo, na jumla ililingana na fedha za mama. Alivua miwani, akavuta ile orodha, akakata mstari wenye jina la mama.

Nilimkuta mama kwenye korido, nikamweleza. Alinitazama, kisha akaanza kupiga goti, yeye aliyemzidi hata mama yangu kwa umri. "Shika..."

Nilimdaka mikono kabla hajalimaliza neno. "Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka.

Barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilikuja baada ya miezi kadhaa. Siku niliyoipokea siikumbuki. Ile marahaba naikumbuka mpaka leo.