Barafu ya Mpwa Wangu

Ninauza samaki, sato hasa, Makambako, na kwangu barafu ikichakaa humwagwa. Hapo ndipo nilipojiponza.

Mpwa wangu Tumaini ni mtafiti. Anapima barafu ya ncha ya kusini ili aelewe pia dunia nyingine zilizoganda huko angani. Juzi alilala kwangu, akaweka kiboksi kwenye friza langu.

"Mjomba, isiyeyuke. Ninayo hii tu."

Nikachungulia mara mbili. Kipande cha barafu, kimejaa viputo! Elimu yote ile, na bado kapigwa, kauziwa barafu mbovu. Nikakitupa, nikamwekea kingine safi cha kwangu, nikajiona mjomba wa maana.

Asubuhi tukaenda Njombe kwa dada yangu, mama yake, ambaye hainuki tena kitandani. Tumaini akafungua kiboksi, akatumbukiza kipande kwenye glasi ya maji, akaisogeza sikioni mwa mama yake.

"Sikiliza, mama. Ni hewa ya kale iliyonaswa kwenye viputo, inapasuka. Hii ndiyo iliyoniweka mbali hadi baba akazikwa sipo."

Dada akasikiliza, akasikiliza.

"Mwanangu, mbona kimya?"

Gamba la sato likaibuka, likaelea. Wote wawili wakageuka kunitazama.